Besi Haina Maneno

Jumapili, 13 Aprili 1997
Temeke. Mvua ya masika tangu alfajiri. Ilipumzika kidogo mchana, sasa imeanza tena.

Nimechoka na watu. Sijachoka na kazi, wala na mvua, wala na barabara yetu ambayo tangu juzi imegeuka bwawa la bata. Nimechoka na watu.

Mwaka huu nilitaka kitu kimoja tu: gari langu lipige muziki ambao ndani yake gitaa la besi linasikika. Sikutaka kumtisha mtu, sikutaka kutazamwa, sikutaka kumwambia mtu neno lolote. Na sasa nimekaa hapa mezani. Nje nina sabufa mbili nzuri kwenye buti, nina amplifaya inayozimudu bila kutoa jasho, na nina rafiki ambaye sijui kama kesho jioni atakuwa bado rafiki.

Niandike kwa mpangilio. Nisipoandika kwa mpangilio nitapasuka.

Gari ni lile jeupe la mitumba kutoka Japani, la kwanza maishani mwangu. Lina kila kitu isipokuwa sauti. Redio yake ya Kijapani inaishia pale stesheni zetu zinapoanza. Kaseti inacheza vizuri, lakini spika za milangoni zinaimba kama inzi ndani ya kopo. Na mimi ni mtu wa dansi. Dansi bila besi ni chai bila majani: moto upo, sukari ipo, lakini unakunywa nini?

Nikaamua kutafuta sabufa, na amplifaya ya kuziendesha. Sikukurupuka. Nilifukua daftari langu la fizikia la kidato cha tatu, nikajikumbusha habari za omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Spika yenye omu chache inavuta umeme mwingi, na amplifaya isiyotengenezwa kwa ajili hiyo itapata moto mpaka ife. Kwa hiyo vitu hivi viwili havinunuliwi kama nyanya na vitunguu. Lazima kimoja kimfae mwenzake.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Niliingia duka la Kinondoni, lile ninalolipita kila siku nikienda kazini Mikocheni, nikamwonyesha muuzaji sabufa nyekundu zilizokuwa rafuni, nikasema: "Nataka amplifaya inayomechi na hizi sabufa."

Kumechi! Nilijisahau niko mji gani. Dar es Salaam hii neno kumechi ni la kiatu na mkoba, kitenge na kilemba. Muuzaji, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya duka, akatabasamu kama mtu aliyeingoja siku hiyo. Akaleta amplifaya nyekundu kama pilipili.

"Hii hapa, sista. Nyekundu kwa nyekundu. Ukifungua buti, watu wanakaa chini."

"Sisemi rangi, kaka. Nasema omu."

"Hata omu zimemechi. Si kampuni moja?"

"Kampuni moja si hoja. Inahimili omu ngapi?"

Akavua miwani, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Kwani shemeji anataka nini hasa?"

"Shemeji gani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi."

"Haya, hongera. Basi njoo naye hata siku moja tuongee kiume kidogo."

Nilitoka. Nikaenda duka la pili, nikaonyeshwa nyekundu. La tatu wakanionyesha ya bluu, na sabufa za bluu za kuisindikiza, kwa sababu, walisema, bluu inakwenda zaidi na gari jeupe. Hakuna aliyeniuliza gari lina betri gani.

Nikarudi kwa yule wa miwani, kwa kuwa yeye angalau alikuwa na mzigo mwingi. Nikaomba niione ile nyekundu kwa karibu. Boksi limeandikwa wati elfu moja. Nikaigeuza, nikatazama fyuzi yake: ampea kumi na tano. Betri ya gari ni volti kumi na mbili. Zidisha. Hata ukiwa na huruma, hata ukiongeza cha juu, hazifiki wati mia mbili. Nikamwuliza hizo nyingine zinatoka wapi.

"Sista, wati za kwenye boksi si wati za darasani."

Kwa kweli hilo ndilo neno la ukweli pekee nililolisikia wiki ile.

Mwishowe nikaiona mwenyewe, chini ya rafu, imejaa vumbi. Ya kijivu, haina urembo. Kitabu chake kinasema wati mia moja kila upande kwa spika ya omu nne, na fyuzi zake zinakubaliana na kitabu. Sabufa za inchi kumi, omu nne kila moja, zinazobeba wati mia na hamsini za kudumu. Kila sabufa upande wake. Nani atamzidi nani? Hakuna. Huku ndiko kumechi nilikokusema mimi.

"Hii haina hata taa, sista," akasema, kwa huzuni ya kweli.

"Sihitaji taa. Taa ninazo mbele."

Nilidhani hapo tabu imekwisha. Kumbe kulikuwa na boksi la spika. Nikaenda Keko kwa seremala, mtu mzima, mkono wake mzuri sana kwa makabati. Nikamchorea kila kipimo, nikamweleza kwamba boksi lizibwe kabisa, hewa isitoke hata kidogo, kwa kuwa hewa ikitoka besi inakufa. Niliporudi nikakuta amelipiga msasa, amelipaka vanishi, na nyuma ametoboa matundu mazuri kwa umbo la ua.

"Shikamoo, fundi. Haya matundu ni ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ya hewa. Kabati lisilo na hewa linaota ukungu."

"Ndani hatuweki nguo, fundi."

"Leo huweki," akasema. "Kesho je?"

Aliziba. Lakini alikuwa ananiangalia kama ninayeharibu mtoto wa watu.

Fundi wa kufunga, hapa hapa Temeke, alifanya kazi safi Ijumaa. Waya mnene mpaka kwenye betri, fyuzi mahali pake, kila kitu. Alipomaliza akajifuta mikono na kuniuliza swali ambalo nililicheka wakati ule. Leo silicheki.

"Sasa dada, unamlenga nani?"

"Namlenga nani kivipi?"

"Mwanamke akifunga besi, ana mtu wake," akasema. "Mie nimeshawafungia wengi."

Nikamwambia mimi ni mtu wa dansi. Akaitikia "sawa, sawa", kwa namna ambayo mtu humwitikia mlevi.

Sina budi nieleze, ingawa kila mtu mtaani anajua. Siku hizi taarab mpya imekuwa ya mipasho. Wimbo si wimbo tena, ni barua. Ukigombana na mwenzako huendi kwake kumtukana. Unaweka kaseti, unafungua dirisha, mwimbaji anamtukana kwa niaba yako. Na yeye kesho anakujibu kwa kaseti nyingine. Mtu akinunua redio kubwa, mtaa hauulizi inapokea stesheni ngapi. Unauliza kanunuliwa nani.

Sasa Mama Shani.

Mama Shani ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mimi ni wa bara, Mkristo, sina mume, naishi peke yangu na ratiba yangu. Yeye ni Mzaramo wa hapa hapa, mwenye ndugu kila mtaa. Nilipohamia sikumjua mtu. Yeye ndiye aliyeniita shoga kabla sijajua kwamba neno hilo maana yake mwenzangu. Kila jioni baada ya swala ya magharibi huja kukaa sebuleni kwangu, anavua kandambili, anakunja miguu juu ya kochi, tunapiga soga. Asipokuja, nyumba hii huwa stoo, na stoo nina ya kunitosha kazini.

Mwezi uliopita mumewe aliongeza mke, huko Kinondoni. Mtaa mzima umekula habari hiyo kama karanga. Mimi sikusema kitu. Nilimpikia tu chai, na akija kulia analia, akinyamaza tunanyamaza. Jumatano aliniambia, "Shoga, wewe peke yako ndiye hujanichimba kwa maneno." Nililipenda sana neno hilo. Nililiweka moyoni kama cheti.

Jana asubuhi, Jumamosi, kulikuwa na manyunyu. Nikaingia kwenye gari uani, nikafunga vioo vyote mvua isiingie, nikaweka kaseti ya dansi niipendayo. Ni wimbo wa mwanaume aliyesahau mwavuli kwa mchumba wake, sasa wamekosana na masika yameanza, na yeye anaona aibu kurudi kuuchukua. Ni wimbo wa kipuuzi. Lakini besi yake!

Nimeusikia wimbo ule miaka mingi. Jana ndiyo mara ya kwanza nimeusikia wote. Lile gitaa la besi linatembea chini ya wimbo kama mtu anayejua njia gizani. Kumbe mahali pale mwimbaji anapovuta pumzi, besi haipumziki, inamsemea. Nilikaa mle ndani nikicheka peke yangu. Nikaurudia. Nikaurudia tena.

Jioni Mama Shani hakuja.

Nikasema ni mvua. Leo nimerudi kutoka kanisani, nikasikia hodi. Ni yeye, amesimama nje ya kizingiti, khanga imefungwa mpaka kidevuni.

"Jirani, bakuli lako hili."

Jirani! Nikalipokea bakuli, lile nililompelekea chakula. Limeoshwa, linang'aa, na halina kitu.

Mimi ni wa bara lakini hilo nimeshafundishwa, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe. Bakuli la mtu halirudishwi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata chumvi. Kurudisha tupu ni kusema: usiniletee tena. Kabla sijafungua mdomo alishageuka.

Nilikaa nalo mapajani, nikijaribu kutafuta nimekosea wapi, hatua kwa hatua, kama ninavyotafuta mzigo uliopotea stoo. Sikupata. Nikaenda kwake.

"Hodi."

"Mlango si umeuona."

"Mama Shani, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nyie wenye magari mnakosea watu?"

"Sema basi."

Akaacha kupepeta mchele. "Anjela, mie si mtoto. Jana nilikuwa naanua nguo. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Wimbo wako. Ule wa mke mkubwa kuachiwa masufuria."

Taarab hiyo naijua kwa sababu mwezi huu hakuna asiyeijua, inapigwa mpaka kwenye vibanda vya chipsi. Lakini kaseti yake sina, wala sijawahi kuwa nayo.

"Mama Shani, vioo vilikuwa vimefungwa. Maneno uliyasikia?"

"Maneno ya nini? Maneno nayajua."

"Sasa ulisikia nini?"

"Du, du-dum. Du, du-dum," akasema, na kidole kinapiga ungo. "Utanifundisha mie besi ya wimbo ule? Nimepigiwa mwezi mzima! Nikasema haya, hata Anjela. Amekwenda kununua na spika kabisa, moja haitoshi, kanunua mbili."

Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa nimefikiria kila kitu: omu, wati, unene wa waya, hewa ya boksi. Sikufikiria kioo. Kioo cha gari kinameza sauti ya mwimbaji na magitaa na tarumbeta, na kinaiachia besi ipite. Aliye nje hapati wimbo, anapata mapigo tu. Besi haina maneno, na mwenye kidonda hujaza ya kwake.

Nilimweleza. Hakuamini. Nilimweleza tena kwa taratibu, na kadiri nilivyozidi kueleza kwa taratibu ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Mwisho nikamshika mkono. Nikasema, "Twende."

"Wapi? Mvua hii?"

"Kwenye gari. Kaseti bado imo ndani, sijaigusa. Ukisikia sufuria hata moja, usinisalimie tena mpaka nife."

Akaja, khanga kichwani, uso umekunjwa. Akakaa kiti cha mbele kama aliyekamatwa. Nikafunga vioo, nikarudisha kaseti nyuma, nikawasha.

Alisikiliza. Kwenye ubeti wa kwanza alikuwa anatazama mbele. Kwenye wa pili akageuka kunitazama.

"Huyu mwanaume analilia mwavuli?"

"Analilia mwavuli."

"Anaona haya kwenda kuuchukua?"

"Anaona haya."

Bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka khanga ikamdondoka. "Mwavuli! Wallahi mie nimelala na njaa kwa ajili ya mwavuli! Shoga yangu, nisamehe. Nisamehe, moyo wangu una mashimo siku hizi, kila kitu kinaingia."

Tukacheka sote wawili, vioo vimejaa ukungu. Ningeomba siku iishie pale. Ingekuwa siku nzuri.

Lakini akaanza kupapasa dashibodi, polepole.

"Shoga."

"Ee."

"Hii besi inasikika mbali eti?"

"Si umesikia mwenyewe."

"Na wewe Kinondoni si unapitaga kila siku kwenda kazini?"

"Napita."

"Basi kesho pita pale kwa mke mwenzangu. Nitakuelekeza, si mbali na barabara yako. Kaseti ya masufuria ninayo ndani. Pita tu, polepole. Njia yenyewe mashimo, hata ukitaka mbio huwezi."

"Mama Shani, mimi sirushii watu vijembe."

"Vijembe nani kasema? Gari lako, muziki wako, njia ya serikali."

"Mimi huwa nafunga vioo," nikasema. Nilidhani nimepata mlango wa kutokea.

Akaniangalia kwa huruma, kama ninavyowaangalia wauza amplifaya.

"Funga tu, shoga. Si atajaza mwenyewe?"

Nikasema, "Tutaona."

Kwa nini nilisema tutaona? Kwetu Songea tutaona ni hapana yenye adabu. Hapa Temeke ni ndiyo yenye maringo. Akanikumbatia, akakimbia na mvua. Baada ya muda mfupi akarudi na kaseti, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Iko hapa mezani, mbele yangu.

Nimeitazama sana. Yule mwanamke wa Kinondoni simjui. Sijui ana umri gani, kama aliambiwa kuna mke mwingine, kama anapenda dansi. Najua kwamba kesho asubuhi anaweza kuwa anaanua nguo.

Namwelewa pia Mama Shani, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa mtu mbaya ningemrudishia kaseti yake dirishani na kulala. Amepigiwa mwezi mzima na mji mzima. Anataka kupiga mara moja tu. Na katika dunia yote, rafiki mwenye sabufa ni mimi.

Nimefikiria kumwambia amplifaya imeungua. Asingenibishia. Lakini amplifaya hii haiungui, nimeichagua mwenyewe isiungue, na sitaisingizia.

Basi nimeamua. Kesho kabla ya kuwasha gari nitabisha kwake na kaseti mkononi. Sitaeleza kwa taratibu. Nitasema: nitakupeleka sokoni kununua vitu vya Idi, nitakupeleka kwa wakubwa zako mkazungumze na mumeo, nitakuja kukaa nawe usiku kama unalia. Pale kwa mwenzio sitapita na kaseti hii, vioo wazi wala vioo vimefungwa.

Atakasirika. Pengine ataniita jirani mpaka mwakani.

Lakini safari hii atakuwa amenikasirikia kwa jambo ambalo kweli nimelifanya.